Theluji haina mkondo

Kati ya tarehe 13 na 16 Februari 2025, jiji la Montreal lilifukiwa na zaidi ya sentimita 70 za theluji. Dhoruba ya kwanza ilishuka Alhamisi, na ya pili ikafika Jumapili kabla jiji halijamaliza kuondoa masalia ya ile ya kwanza. Wakazi waliambiwa wajiandae kusubiri zaidi ya wiki moja kabla ya mitaa yote kusafishwa. Tangu hapo maneno hayajaisha. Meya wa wakati ule, Valérie Plante, ameondoka, na uchaguzi wa Novemba 2025 umemleta Soraya Martinez Ferrada, mwanamke aliyezaliwa Chile na kuingia Canada akiwa mtoto wa wakimbizi. Lakini kila theluji inapoanza kudondoka, lawama ni zilezile: mitambo haitoshi, wafanyakazi ni wazembe, fedha zinaliwa. Nimeishi na lawama hizo miaka kadhaa sasa, na ninaamini zinabisha mlango ambao sio. Shida kubwa ya Montreal ni pa kuipeleka theluji ikishazolewa, na kwa kuwa pa kuipeleka ni padogo, swali linalofuata ni nani aondolewe ya kwake kwanza. Maswali hayo mawili hayajibiwi kwa kununua matrekta.

Kwa sisi tuliokulia kwenye nchi za mvua, jambo hili linahitaji kufikiriwa upya tangu mwanzo. Mvua kubwa za masika zikipiga Dar es Salaam, bonde la Msimbazi hujaa, Jangwani hufungwa, na watu hupata hasara kubwa, wengine hupoteza ndugu. Lakini maji hufuata mkondo. Ukiwa na mtaro mzuri, au hata ukiwa na mbovu, baada ya siku chache maji yatakuwa yamefika baharini bila kubebwa na mtu. Kazi ya jiji ni kuyafungulia njia. Theluji haina mkondo. Inapoangukia ndipo inapokaa, na ikiangukia Montreal mwezi Desemba inaweza kukaa hadi mwishoni mwa Machi. Theluji ya pili hulala juu ya ile ya kwanza, na ya tatu juu ya ya pili. Katikati ya msimu hunyesha mvua siku moja, baridi ikarudi usiku, na lundo lote likageuka mwamba ambao koleo haliingii. Kwa wastani jiji hupata karibu mita mbili za theluji kwa msimu. Kwenye shamba hilo si tatizo. Kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana, zenye ngazi zinazoshukia karibu na njia ya miguu na magari yameegeshwa pande zote mbili, sentimita 30 tu zinatosha kuugeuza kuwa kichochoro.

Ndiyo maana Montreal hufanya kitu ambacho majiji mengi ya Amerika Kaskazini hayafanyi kama kawaida yao: huibeba theluji na kuitoa mtaani. Kazi ina hatua nne. Kwanza humwagwa chumvi. Baridi ikishuka kupita kiasi, kiasi cha nyuzi 15 chini ya sifuri, chumvi hupoteza nguvu, hivyo humwagwa kokoto ndogo ili miguu na magurudumu yasiteleze. Pili, theluji husukumwa pembeni ili magari yapite. Tatu, dhoruba ikiacha sentimita kama 10 hadi 15, huanza upakiaji. Nne ni kuitupa. Watu wengi wanaolalamika huzungumzia hatua ya pili, kwa sababu ndiyo wanayoiona asubuhi wakitafuta pa kupita na gari. Ila hatua zinazokula muda na fedha ni mbili za mwisho, na hizo ndizo zilizoelemewa Februari ile.

Ukitaka kuielewa kazi hii, simama dirishani usiku wa upakiaji. Mchana wake vibao vya rangi ya chungwa huwa vimechomekwa kwenye theluji kandokando ya mtaa, vikikataza kuegesha kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Kabla mitambo haijafika, linapita gari la kuvuta magari likipiga king'ora cha sauti mbili, moja juu na moja chini, na utaona watu wanatoka mbio, makoti juu ya nguo za kulalia, kuhamisha magari yao. Atakayebaki atavutwa, na gari lake ataliokota mtaa wa pili au wa tatu. Halafu linakuja greda. Ni greda lilelile tunalolijua kwenye barabara zetu za vumbi, lenye lile bapa refu tumboni, likivuta theluji kutoka pembeni na kuipanga tuta moja refu. Kitrekta kidogo cha minyororo kinapita kwenye njia ya miguu kwa kasi ya kutisha na kushusha theluji yake barabarani, iungane na ile nyingine. Nyuma yao unafuata mtambo wenye mdomo mpana unaolimeza tuta na kulirusha juu kupitia shingo ndefu, hadi ndani ya lori linalotembea sambamba nao. Lori likijaa linaondoka, jingine linachukua nafasi yake kabla mtambo haujasimama. Nyuma kuna foleni ya malori mengine, taa zake zikimetameta juu ya barafu mpaka mwisho wa mtaa. Ndani ya robo saa mtaa unakuwa mtupu, lami inaonekana, na kelele zinahamia mtaa wa jirani.

Usiku mmoja kama huo nilisimama mlangoni na jirani yangu, mama wa makamo kutoka Uvira, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa kwanza wa baridi. Aliyatazama malori kwa muda mrefu, shuka la pamba limemzunguka mabegani, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha Kivu: "Mwanangu, hii teluji yote wanaitosha, wanaipeleka wapi?" Nilimjibu, "Mama, wanaenda kuimwaga shimoni." Akatikisa kichwa. "Na hilo shimo halijai?" Katika yote niliyosoma na kusikia juu ya theluji ya jiji hili, sijakutana na swali lililogusa kiini cha jambo kuliko hilo.

Hesabu zenyewe ni hizi. Katika msimu wa kawaida Montreal hubeba kiasi cha mita za ujazo milioni 12 za theluji, yaani safari za malori zipatazo 300,000. Barabara na njia za miguu zinazohudumiwa zina urefu wa kilomita zaidi ya 10,000, umbali unaokaribia kukufikisha Afrika Mashariki. Watu kama 3,000 hushiriki, na mitambo zaidi ya 2,000. Bajeti ya msimu ni karibu dola milioni 200 za Canada. Na theluji yote hiyo huishia kwenye vituo 28 hivi. Baadhi ni viwanja ambako hurundikwa na kusubiri jua la masika. Vingine ni midomo ya mabomba makubwa ya majitaka, ambako malori humwaga theluji ikayeyushwa na maji ya vuguvugu yanayotoka majumbani. Ni njia ya busara, lakini bomba lina koo lake: ukimwaga haraka kuliko linavyoyeyusha, linakabwa. Na kuna shimo moja ambalo peke yake hupokea karibu asilimia 40 ya theluji yote, nalo ni machimbo ya zamani ya mawe ya Francon, katika kitongoji cha Saint-Michel.

Zamani haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi theluji ilimwagwa katika mto Saint-Laurent, pamoja na chumvi, mafuta ya magari, takataka na kila kilichokuwa kimeganda ndani yake. Serikali ya jimbo la Québec ikapiga marufuku utaratibu huo, na ilifanya vyema, kwani mto huohuo ndio unaowanywesha watu. Marufuku ile iliuokoa mto, lakini mzigo haukutoweka. Ulihamishiwa nchi kavu, na sehemu yake kubwa ikapelekwa kwa watu ambao hawakuwa na sauti ya kuukataa. Saint-Michel ni kitongoji cha wahamiaji, Wahaiti, Waarabu wa Afrika Kaskazini, Waafrika wa kila upande, na kimekatwa vipande na machimbo mawili. Lile jingine, Miron, liligeuzwa jaa la taka za jiji kwa miaka mingi kabla ya kufukiwa na kuwa bustani inayoitwa leo Frédéric-Back. Francon linabaki kuwa Francon. Wanajiolojia wanalijua kwa sababu nyingine: humo ndimo lilimogunduliwa kwa mara ya kwanza dunia nzima madini ya weloganaiti, yaliyopewa jina la William Logan, mwanajiolojia mzaliwa wa Montreal. Wakazi wanalijua kwa malori yanayopita usiku, na kwa kilima cha kijivu ambacho mwezi Julai, watu wakitembea na kaptura, bado kipo chini kule kikiyeyuka taratibu na kuacha tope jeusi.

Tukiwa na picha hiyo, turudi kwenye lawama. Ya kwanza na yenye uzito zaidi inasema jiji liongeze mitambo na wakandarasi. Haina upuuzi ndani yake. Dhoruba za Februari 2025 zilionyesha wazi kuwa uwezo uliopangwa kwa msimu wa kawaida hautoshi zinapokuja dhoruba mbili mfululizo. Tena historia ya zabuni za theluji inawapa watu sababu ya kutoamini wanachoambiwa: mwaka 2015 inspekta mkuu wa jiji alitoa ripoti iliyofichua jinsi wakandarasi walivyokuwa wakigawana maeneo na kupanga bei kati yao. Mtu aliyesoma ripoti hiyo ana haki ya kuuliza kama kila dola inafika barabarani. Mwaka huohuo jiji liliziondolea kata zake 19 mamlaka ya kila moja kuamua lini ianze kupakia, ili mtaa mmoja usisafishwe huku mtaa unaoendelea nao, upande wa kata nyingine, ukiachwa na lundo. Yote hayo yalikuwa marekebisho ya lazima.

Lakini tazama mnyororo wenyewe. Mtambo wa kurusha theluji hauwezi kwenda kasi kuliko malori matupu yanavyoufikia. Lori haliwezi kurudi kasi kuliko foleni ya kituo cha kumwagia inavyosogea. Kituo hakiwezi kupokea kuliko nafasi yake, au kuliko koo la bomba lake. Aliyewahi kusimamia umwagaji wa zege anajua: ukiongeza watu wa kuchanganya na wabebaji ni walewale, unachopata ni zege linaloganda kwenye sinia. Zikishuka sentimita 70 kwa siku nne, kila lori la ziada linaongeza urefu wa foleni pale Francon na kwenye mabomba, na haliongezi sana idadi ya mitaa iliyosafishwa. Zaidi ya hayo, mitambo inayonunuliwa kwa ajili ya wiki moja ya aina hiyo italipiwa, itatunzwa na kuandaliwa madereva katika miaka yote ambayo wiki hiyo haitakuja. Ningekubali kuongeza kiasi fulani cha akiba, hasa malori ya kukodi kwa dharura. Kulifanya hilo kuwa jibu kuu ni kupanua mdomo na kusahau tumbo.

Kuna hoja ya pili inayosema Montreal ifanye kama wenzake, isukume theluji pembeni na kuiacha hapo, na mwenye nyumba asafishe mbele ya mlango wake. Ndivyo ilivyo New York, Chicago na Minneapolis, ambako sheria inamtaka mwenye jengo aondoe theluji kwenye njia ya miguu iliyo mbele yake. Hoja hii ina mvuto wa haki na wa gharama. Ila inafaa pale penye nafasi ya kurundika, na inadhani kila nyumba ina mtu mwenye mgongo mzima wa kushika koleo. Matokeo yake ni njia iliyo safi mita 20, imefungwa mita 10, halafu safi tena. Na kwa mtu wa kiti cha magurudumu au mama mwenye kigari cha mtoto, njia iliyofungwa mahali pamoja ni njia iliyofungwa yote. Toronto kwa miaka mingi iliziacha njia nyingi za katikati ya jiji mikononi mwa wenye nyumba, kisha mwaka 2021 jiji likazichukua. Na Februari ileile ya 2025, dhoruba zilipoiletea Toronto zaidi ya sentimita 50, jiji ambalo kwa kawaida halibebi theluji lilijikuta likilazimika kuibeba bila kuwa na mazoea ya Montreal. Wanaoiona Montreal kuwa mfano wa kushindwa wangeitazama wiki hiyo kutokea Toronto.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema dunia inapata joto, majira ya baridi yanafupika, kwa hiyo kuwekeza kwenye theluji ni kutupa fedha. Nimeisikia kwa watu wasomi na inanisikitisha, kwa sababu inachukua ukweli mkubwa na kuutumia vibaya. Ni kweli baridi ya Québec inalegea. Lakini inalegea kwa kuyumba, na mji unaoyumba juu na chini ya sifuri ndio wenye barafu nyingi. Katika baridi kavu ya nyuzi 20 chini ya sifuri theluji hubaki unga, hukanyagika, na mguu hushika. Leo nyuzi mbili juu, usiku nyuzi sita chini, maji yaliyoyeyuka mchana yanakuwa kioo alfajiri, saa ile wasafisha ofisi, wauguzi na wafanyakazi wa viwandani wanakwenda kituo cha basi. Tarehe 5 Aprili 2023, wakati watu walishaanza kuyaweka makoti, mvua inayoganda iliangusha matawi na nyaya za umeme, na wateja zaidi ya milioni moja wa shirika la umeme la jimbo wakabaki gizani, wengi wao Montreal. Hiyo ndiyo sura ya baridi inayolegea. Jumla ya theluji ikipungua, bado dhoruba moja moja zinaweza kuwa nzito, na barafu ikaongezeka. Anayetaka tujiandae kwa wastani anasahau kwamba watu huvunjika nyonga siku moja maalumu, mahali maalumu.

Na chumvi, ambayo wengi huitaja kama dawa ya barafu hiyo, ina deni lake. Mtambo wa kusafisha majitaka hauwezi kuitoa kwenye maji. Inayomwagwa mtaani huishia mtoni, kwenye udongo wa miti ya barabarani, na kwenye vyuma vya madaraja.

Tunabaki basi na jambo ambalo siasa hulikwepa, nalo ni mpangilio. Kama uwezo wa kubeba na kumwaga una kikomo, kila usiku wa upakiaji ni usiku wa kuchagua, hata kama hakuna anayekiri kuwa anachagua. Montreal ina madaraja matatu: kwanza barabara kuu, njia za mabasi na za hospitali, kisha barabara za kati na za maduka, mwisho mitaa ya makazi. Kwa gari la wagonjwa au la zimamoto, mpangilio huu ni sahihi kabisa na sitaki uguswe. Lakini umechorwa kwa kufuata lami. Haufuati safari ya mtu. Safari ya mfanyakazi asiye na gari huanzia kwenye ngazi yake katika mtaa wa daraja la tatu, inapita kona mbili, inavuka, inaishia kwenye kituo cha basi kilicho kwenye barabara ya daraja la kwanza. Barabara ile inaweza kuwa safi kabisa, basi likafika kwa wakati, na yeye bado asilifikie kwa sababu ya tuta la mita moja lililosukumwa kwenye kona na mtambo uliokuwa ukisafisha barabara ileile.

Mpangilio huu huonekana wa kiufundi mpaka watu waliowekwa nyuma wanapoamka. Januari 1979 Chicago ilipigwa na dhoruba ya karibu nusu mita. Treni za mjini zikaanza kuvipita vituo vya mitaa ya watu weusi bila kusimama ili ziwahishe abiria wa pembezoni. Mwezi uliofuata meya Michael Bilandic, aliyedhaniwa kuwa hashindiki, aliangushwa na Jane Byrne katika kura za mchujo za chama chao. Wengi husimulia kisa hicho kama hadithi ya meya aliyeshindwa na theluji. Ninavyoisoma mimi, kisa hicho kinahusu pia watu walioachwa wamesimama kwenye jukwaa wakitazama treni ikiwapita.

Uswidi walijaribu kugeuza mpangilio makusudi. Mji mdogo wa Karlskoga uliamua kuanza na njia za miguu na njia zinazoelekea shule za chekechea, kwa hoja rahisi kuwa kusukuma kigari cha mtoto kwenye sentimita 10 za theluji ni kazi ngumu kuliko kuendesha gari juu yake. Takwimu za hospitali za kule zilikwisha kuonyesha kuwa wanaoumia zaidi kwenye barafu ni watembea kwa miguu, na wengi wao wanawake. Stockholm ikafuata. Kisha tarehe 9 Novemba 2016 ikashuka theluji ya karibu sentimita 40, ambayo Novemba za jiji hilo hazikuwa zimeiona kwa zaidi ya miaka mia, na kila kitu kikasimama. Mara moja magazeti ya nchi nyingi yakadakia kwamba Stockholm imelemazwa na usafishaji wa usawa wa kijinsia. Ukweli ni kwamba siku ile njia za miguu nazo zilifukiwa. Sera haikushindwa, kwa maana haikutekelezwa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kosa hilohilo la kusoma linafanyika Montreal: dhoruba isiyo ya kawaida inachukuliwa kuwa ushahidi dhidi ya jambo ambalo halijajaribiwa.

Ninachokitetea kinaweza kuandikwa katika sera na katika mikataba. Kila dhoruba kubwa ianze na orodha ya maeneo, pembeni ya orodha ya barabara: vituo vya mabasi, kona za kuvukia, milango ya metro, mbele ya shule, zahanati na nyumba za wazee. Theluji ya maeneo hayo ibebwe ndani ya siku mbili za kwanza, hata kama lami ya mtaa itasubiri. Ujazo wake ni mdogo ukilinganisha na theluji ya mitaa mizima, kwa hiyo vituo vya kumwagia vinaweza kuupokea. Mkandarasi alipwe kwa kona iliyo wazi, ikakaguliwa, na siyo kwa kilomita pekee. Penye nafasi, theluji ipulizwe kwenye nyasi na bustani za karibu badala ya kupakiwa, kama kata zenye uwanja zinavyofanya tayari, ili malori yaende kwenye mitaa iliyobanana. Kila mita ya ujazo inayobaki ilipo ni safari ya lori iliyookolewa, dizeli isiyochomwa, na nafasi shimoni.

Wenye magari watapinga, na hoja yao naichukulia kwa uzito. Wengi wao si matajiri. Ni watu wa zamu za usiku, wenye kazi za viwanda vya pembezoni ambako basi halifiki, na mtaa ukikaa siku nane bila kupakiwa wanapoteza saa nzima kila siku kutafuta pa kuegesha. Wenye maduka nao watasema mteja asipopata pa kuegesha anakwenda kwingine. Ni kweli, watalipa gharama. Lakini dhoruba ya sentimita 70 ina gharama kwa kila mtu, na tunachokiamua ni nani aibebe siku ya kwanza na nani siku ya saba. Mwenye gari anacheleweshwa. Mzee mwenye fimbo anafungiwa ndani, au anatoka na kuanguka. Sioni namna ya kuziweka hasara hizo mbili kwenye mizani moja zikalingana. Jiji linaweza kuupunguza mzigo wa wa kwanza kwa kufungua maegesho yake ya bure kwa siku zaidi. Kwa wa pili halina cha kumpa isipokuwa njia.

Na ipo Saint-Michel. Tukikubali kuwa kikomo cha mfumo mzima ni mahali pa kumwaga, basi kitongoji kinachobeba asilimia 40 ya theluji ya jiji ndicho kinachowezesha mitaa ya wengine kuwa misafi. Hilo lina bei. Bei hiyo inaweza kuwa njia maalumu za malori zinazokwepa mitaa ya makazi, vipimo vya kelele na vumbi vinavyotangazwa, miti na njia za kulivuka shimo kwa miguu, na kiti cha wakazi kwenye meza inayoandaa mikataba ya theluji. Wapo watakaosema Francon lifungwe kabisa. Sioni litakavyofungwa karibuni bila kuuhamishia mzigo kitongoji kingine cha watu wa aina ileile, na kwa hilo sina hamu. Ninachotaka ni kwamba atakayeahidi Montreal usafishaji wa haraka zaidi aseme, katika pumzi ileile, theluji ya ziada itaingia wapi na kwa mitaa ya nani.

Mama wa Uvira sasa ana msimu wake wa tatu. Anajua kusoma vibao vya chungwa, anajua king'ora, anajua siku ya kuvaa viatu vya meno. Julai iliyopita nilimpeleka hadi kwenye uzio wa Francon, akaingiza vidole kwenye nyavu na kutazama chini. Jua lilikuwa kali, jasho lilitutoka. Kule chini lundo lilikuwepo, refu kama nyumba ya ghorofa, limefunikwa udongo mweusi na vipande vya plastiki, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka tumboni mwake. "Kumbe ndiyo hii ya kwetu," akasema, na tukakaa pale kwa muda.